Mzaha Uletao Mauti: Dhamana ni ya Nani?

Darsa letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni mzaha. Mtu humtisha mwenzake, au humzulia neno, au huandika karatasi ya uwongo na kuiacha njiani, kisha hukaa kando acheke. Likitokea la kutokea husema, "Mimi nalikuwa nikicheza tu." Je, neno hilo lamtoa katika dhamana? Ndugu zetu wa Kisii na Nyamira wana haki ya kuliuliza suala hili kuliko wengi, na sababu yake tutaieleza.

Kwanza yatupasa tujue ya kuwa mzaha wenyewe haukuharimishwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya mzaha na masahaba zake, wala hakusema ndani yake ila kweli. Lakini imepokewa na Abu Daud ya kuwa safarini mmoja wa masahaba alilala, na mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua. Yule akashtuka kwa hofu. Hapo Mtume alibainisha ya kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Tazama basi: kilichochukuliwa ni kamba, wala hapana aliyejeruhiwa. Hofu peke yake ilitosha kuwa kosa.

Je, hofu ikiua? Imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar alimwita mwanamke mmoja aliyekuwa na mimba, naye kwa hofu ya Khalifa akaharibu mimba njiani. Umar akawataka masahaba shauri. Wako waliomwambia hana juu yake kitu, kwani yeye ni mtawala mwenye kuadabisha watu. Sayyidna Ali akasema dia ni juu yake, kwa sababu yeye ndiye aliyemtisha; na Umar akaikubali rai hiyo. Khalifa hakukusudia kuua, wala hakumgusa mtu, na juu ya hayo hakujitetea kwa cheo wala kwa nia. Imam Nawawi naye, katika Minhaj, kitabu kinachosomwa sana na sisi wafuasi wa Imam Shafi, ametaja mtu amkemeaye kwa sauti mtoto asiyepambanua, naye yuko ukingoni mwa dari, akaanguka akafa: dia yalazimu. Lakini akikemewa mtu mzima mahali pale pale, kauli sahihi zaidi ni kuwa hapana dia, kwani mtu mzima aweza kujizuia. Kwa hiyo wanavyuoni hawakutazama kitendo peke yake. Wametazama na hali ya yule aliyefanyiwa.

Na katika Sura An-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu amewajibisha kafara na dia juu ya aliyeua kwa kukosea. Kukosea huondoa kisasi, lakini hakufuti damu.

Sasa tuje nyumbani. Mwezi wa Mei 2008, katika vijiji viwili vya Kisii, kundi kubwa la vijana lilipita nyumba kwa nyumba na orodha ya majina, likawachoma moto watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao vikongwe, kwa kudai ni wachawi. Wanahabari waliripoti ya kuwa wanakijiji walisema limeonekana daftari katika shule ya msingi, lenye habari za mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Daftari la shule! Tuseme, kwa ajili ya kusoma tu, kuwa daftari kama hilo liliandikwa na mtoto aliyetaka kuwatisha wenzake. Mwuaji ni nani?

Jawabu letu lina sehemu tatu. Ya kwanza: wauaji ni wale waliowasha moto. Kanuni ya fikihi ni kuwa wakikutana mtenda na msababishi, hukumu huelekezwa kwa mtenda. Wala wingi wao hauwaokoi, kwani Umar alikwisha kuwahukumu kisasi watu kadha waliomwua mtu mmoja katika Sanaa.

Ya pili: mwandishi hatoki mikono mitupu. Shahidi aliyesema uwongo makusudi mbele ya kadhi, mtu akauawa kwa ushahidi wake, hukamatwa kwa damu ile, maana kadhi hulazimika kuufuata ushahidi. Kundi la mtaani halikulazimika kufuata lolote. Kwa hiyo damu ni yake. Lakini aliyelipa kuni ana dhambi yake na anastahili kuadabishwa. Akiwa ni mtoto, kalamu imeinuliwa kwake. Aliye mzima hana udhuru huo.

Ya tatu, nayo ndiyo husahauliwa: wako waliolisoma daftari wakalitangaza pasina kuhakikisha. Sura Al-Hujurat imetuamrisha tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, nayo ilifanya kuwa ni kosa kumtuhumu mtu uchawi ovyo.

Msiba huo haukuwa wa mwisho. Oktoba 2021, Marani, wanawake wazee 4 waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo.

Enyi ndugu, Waislamu wa Kisii na Nyamira ni wachache, lakini uchache si udhuru. Wako miongoni mwetu wavaao kofia na kujiita masheikhe, wakapiga ramli na kuwatajia watu majina ya "waliowaroga". Huo wao hata si mzaha, ni biashara. Na jina litokalo katika ramli laweza kumfikisha bibi kizee motoni kama jina litokalo katika daftari. Atakayenyamaza akawaacha, asiseme kesho kuwa damu haimhusu.

Basi tuwafundishe watoto wetu ya kuwa kabla ya kumtisha mtu watazame amesimama wapi, kwani huenda yuko ukingoni mwa dari. Na katika vijiji vyetu, ajuza akaaye peke yake yuko ukingoni kila siku. Neno moja la mchezo latosha kumwangusha.

Wabillahi tawfiki.