Bodi ya Zamani, Zana Mpya: Mizani ya Manowari

Bodi ya meli ya chuma ikitunzwa vema hudumu miongo mingi, hali rada na silaha hupitwa na wakati upesi. Ndiyo maana mataifa mengi, badala ya kubuni manowari mpya kabisa, huchukua umbo lililokwisha kuthibitishwa baharini na kulitia zana mpya. Je, umbo moja laweza kuongezewa zana hadi kiasi gani?

Tuanze na chombo kidogo. Mvuvi wa Mkwaja, pwani ya Pangani, akifunga injini katika mashua yake ya tanga, huongeza uzito wa injini na wa mafuta upande wa tezi. Asipopanga upya shehena, tezi hudidimia na omo huinuka. Manowari nayo hutawaliwa na sheria hiyo hiyo.

Uzito wa meli huvuta chini kupitia kitovu cha uzito. Maji husukuma juu kupitia kitovu cha ueleaji. Meli ikiinama, kitovu cha ueleaji huhamia upande ulioinama, na kani hizo mbili huirudisha wima, mradi kitovu cha uzito hakiko juu mno. Kikipanda kupita kiasi, kani zizo hizo huipindua.

Tuchukue meli ya kubuni yenye tani 1,000. Rada na mlingoti wake, jumla tani 20, vinafungwa mita 10 juu ya kitovu cha uzito. Momenti ni 20 × 10 = 200. Uzito mpya ni tani 1,020. Basi kitovu hupanda 200 ÷ 1,020, yaani karibu mita 0.2. Ili kukirudisha, mhandisi huweka farumi ya tani 40 mita 5 chini ya kitovu cha awali: 40 × 5 = 200. Mizani imerudi, lakini meli sasa ina tani 1,060. Itakaa chini zaidi majini, na itahitaji nguvu zaidi kwenda mwendo ule ule.

Historia yetu ina mfano. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ilikuwa ya abiria na mizigo, lakini vita viliigeuza manowari: ilifungwa mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji Julai 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilibadilishwa kwa za dizeli. Mzinga na mvuke viliondoka, bodi ikabaki.

Uzito si kikomo pekee. Marekani ilipokea manowari yake ya kwanza ya aina ya Arleigh Burke mwaka 1991. Mwaka 2023 ilipokea Jack H. Lucas, ya kwanza katika toleo la III, yenye umbo la bodi karibu lile lile lakini rada mpya. Rada hiyo ilihitaji umeme mwingi zaidi na mitambo mikubwa zaidi ya kupoza. Kwa hiyo mbunifu mwenye busara huacha tangu mwanzo akiba ya nafasi, uzito na umeme. Akiba hiyo ikiisha, ni wakati wa kubuni bodi mpya.

Jaribio la darasani

Tia changarawe katika kopo refu mpaka lielee wima ndani ya ndoo ya maji. Weka alama usawa wa maji. Funika kopo, kisha ongeza vijiwe juu ya kifuniko kimoja kimoja mpaka lipinduke. Rudia kwa changarawe nyingi zaidi.

Maswali

1. Kwa nini kopo la pili hubeba vijiwe vingi zaidi?
2. Alama ya maji imehamia wapi, na meli ingepata hasara gani?
3. Injini nzito iliyo chini ikibadilishwa kwa nyepesi, kitovu cha uzito huelekea wapi?