Uji Mzito kwa Tumbo Dogo

Mtoto anayetimiza miezi sita haachishwi ziwa, anaongezewa chakula. Hadi umri huo maziwa ya mama humtosha kwa chakula na kwa maji. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inapungua, na mwili unaokua na kujifunza kukaa na kutambaa hudai nguvu zaidi kuliko zinazopatikana kwenye maziwa peke yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji takribani kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza, na akifika miezi 9 hadi 11, takribani 300. Katika nyumba nyingi za Tanzania chakula hicho cha kwanza ni uji. Mama wa mtoto wa kwanza na mama mkwe wake huanza kubishana papo hapo jikoni: uwe mwepesi au mzito?

Hesabu inampa ushindi anayetaka mzito. Gramu 100 za unga wa nafaka hutoa kilokalori kama 350. Uji mwepesi, ule wa kunywewa kikombeni, huwa na gramu 5 hivi za unga katika kila gramu 100 za uji. Bakuli la mililita 200, ambalo ndilo tumbo la mtoto wa kilo 7 linaweza kulibeba kwa mlo mmoja, linakuwa na gramu 10 tu za unga, yaani kilokalori 35. Ili mtoto huyo apate 200 angelazimika kunywa zaidi ya lita moja kwa siku, na bado anyonye. Hawezi. Anajaa maji, analala, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unalala naye, huku mama akishangaa kwa sababu kikombe humalizwa kila siku.

Uji unaofaa hupimwa kwa kijiko: kikiinamishwa, uji huteleza taratibu, haumwagiki kama chai. Hulishwa kwa bakuli na kijiko. Ile desturi ya kupanua tundu la chuchu ya chupa ili uji upite haina faida. Inalazimisha uji uwe mwepesi, na chupa yenye mabaki ya uji ni shida kusafisha.

Tatizo ni kwamba wanga ukipikwa hunyonya maji na kuvimba, hivyo kuongeza unga kunaweza kutoa kitu kinachonata ambacho mtoto anakitema. Dawa yake ni ya zamani na inajulikana na kila anayepika togwa: kimea. Ulezi huoshwa, hulowekwa usiku kucha, huchujwa na kutandazwa kwenye kitambaa chenye unyevu hadi uchipue, kisha hukaushwa juani, hupukuswa vichipukizi na kusagwa. Mtama haufai sana kwa kazi hii nyumbani, kwa sababu machipukizi yake yana kemikali inayotoa sumu ya sayanidi. Uji mzito ukishaiva huepuliwa na kuachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kwani moto mkali huua vimeng'enya vya kimea. Kijiko kimoja cha chai cha kimea kikikorogwa humo, baada ya dakika chache uji hulegea wenyewe bila tone la maji kuongezwa. Unga haukupungua, ni wanga uliokatwakatwa. Kisha uji hurudishwa jikoni uchemke tena kidogo, maana nafaka iliyooteshwa hukusanya vijidudu.

Asiye na kimea atumie mafuta. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kina kilokalori kama 40, zaidi ya zile za bakuli zima la uji mwepesi. Ni ajabu kidogo kwamba watu hutafuta unga wa bei ghali kabla ya kufikiria chupa ya mafuta iliyo rafuni.

Unga huo wa bei ghali ni ule unaouzwa kama unga wa lishe, wenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga kwa pamoja. Wingi wa nafaka si ubora: nafaka tano hutoa kwa sehemu kubwa kilekile ambacho nafaka moja ingetoa. Soya isiyopashwa moto vya kutosha huzuia usagaji wa protini, na karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa ndani ya mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni salama zaidi kusaga nafaka moja, kisha kuongeza kitu kingine siku ya kupika: karanga zilizochambuliwa moja moja na kutwangwa, maziwa, yai au dagaa waliosagwa.

Madini ya chuma hayapatikani vya kutosha kwenye uji wa nafaka peke yake. Yanapatikana kwenye maini, nyama iliyosagwa na dagaa. Maharage na mchicha husaidia, hasa vikiliwa pamoja na embe, papai au chungwa. Chai, hata ya maziwa, huzuia mwili kufyonza madini hayo, hivyo haina nafasi kwenye kikombe cha mtoto. Asali nayo husubiri mwaka mmoja utimie, kwa hatari ya ugonjwa wa botulizimu.

Siku za mwanzo vijiko viwili au vitatu vinatosha. Mtoto akisukuma chakula nje kwa ulimi hajakataa. Ulimi bado una mazoea ya kunyonya. Milo huwa miwili au mitatu kwa siku hadi miezi 8, kisha mitatu au minne pamoja na kitafunwa katikati. Uji uliobaki bakulini hautunzwi, na wa sufuriani hauachwi mezani zaidi ya saa mbili. Kuanzia mwaka mmoja mtoto hula wanachokula wenzake, kikiwa kimepondwa au kukatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye sahani yake mwenyewe ili ionekane amekula kiasi gani, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.