Zabibu Moja, Nchi Tatu: Jinsi ya Kuujua Mvinyo Unaoupenda

Dukani wengi huchagua mvinyo kwa bei au kwa urembo wa lebo, na chupa moja ikiwakera hutangaza kwamba mvinyo wa Ufaransa, au wa Afrika Kusini, hawaupendi. Huko ni kuionea nchi nzima. Chukua zabibu ya aina moja, uionje kutoka kila inakolimwa.

Anza na Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, lakini leo inalimwa zaidi Afrika Kusini, na Dodoma pia ipo. Loire kuna ubaridi, kwa hiyo zabibu huiva taratibu na uchachu wake haupotei. Ukimeza, mate yanajaa mdomoni. Wafaransa huandika jina la mahali zaidi kuliko la zabibu, hivyo tafuta Vouvray, kisha usome neno linalofuata: sec ni mkavu, demi-sec una sukari kiasi, moelleux ni mtamu. Stellenbosch, Afrika Kusini, jua ni kali zaidi. Jua huongeza sukari kwenye tunda, hamira huigeuza kuwa kilevi, na mvinyo hutoka mzito, wenye harufu ya matunda yaliyoiva. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na baadhi ya mvinyo wake huachwa na sukari makusudi, kwa hiyo soma lebo kabla ya kulipa. Mimi nachagua Loire mkavu, hasa kwa samaki wa kupaka: uchachu wake unakata uzito wa tui.

Kwa mvinyo mwekundu, pima ukakasi, ule mbano wa ulimi unaoujua kwenye chai ya rangi iliyokolea. Chukua zabibu ya Malbec: ya Cahors, Ufaransa, kwa kawaida ina ukakasi mwingi kuliko ya Mendoza, Argentina.

Joto nalo huharibu hukumu. Mwekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, mweupe 8 hadi 12. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, mwekundu uliokaa mezani hunuka kilevi tu. Uweke kwenye friji nusu saa kwanza.

Siku ya kuonja, mwombe mwenzako azifunike chupa, mimina kidogo kidogo, andika ulichoonja kabla ya kuona lebo. Mjamzito, aliye chini ya miaka 18 na atakayeendesha gari wasionje kabisa.