Kesi ya Jinai Imekwisha, Fidia Je?

Chukua mfano wa mkulima wa nyanya huko Njukini. Jirani anayegombana naye kuhusu zamu ya maji anaukata mfereji usiku na kuyaelekeza maji shambani kwake. Kulipokucha, mkulima anakwenda kumuuliza, naye anampiga kwa mpini wa jembe na kumvunja mkono. Mkulima anaripoti polisi. Baada ya miezi kadhaa jirani anapatikana na hatia na kutozwa faini, anailipa na kurudi nyumbani.

Faini hiyo huingia serikalini. Mkulima anabaki na gharama za hospitali, nyanya zilizokauka na msimu uliopotea. Wengi wakifika hapo huona mambo yamekwisha. Kisheria, bado.

Kesi mbili kwa kosa moja

Katika kesi ya jinai, Serikali ndiyo inayomshtaki mkosaji ili aadhibiwe. Katika kesi ya madai, aliyeumizwa mwenyewe ndiye anayekwenda mahakamani kudai fidia. Kesi moja haizuii nyingine.

Kiwango cha ushahidi pia ni tofauti. Mtu hafungwi kwa jinai mpaka kosa lithibitishwe pasipo shaka ya maana. Katika madai, inatosha kuonyesha kwamba maelezo ya mdai yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko ya mdaiwa. Huko Marekani, O.J. Simpson aliachiliwa huru na mahakama ya jinai mwaka 1995 katika kesi ya mauaji, lakini mwaka 1997 mahakama ya madai ilimwajibisha kwa vifo vivyo hivyo na kumwamuru alipe mamilioni ya dola.

Na kama mkosaji amekwisha kupatikana na hatia, hukumu ya mwisho ya jinai ni ushahidi mzito kwa mdai. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, hukumu hiyo huthibitisha kwamba kosa lilitendeka.

Makosa yanayodaiwa fidia

Haya ni pamoja na kumpiga mtu au kumtishia kwa namna inayomfanya aamini atapigwa sasa hivi, kumfungia mtu mahali bila haki, kuingia au kuingiza mifugo katika shamba la mwenzako, kuharibu au kuchukua mali yake, kumharibia jina, na kumsingizia kesi kwa chuki. Mdaiwa naye ana haki ya kujitetea, kwa mfano kwamba alikuwa akijikinga asidhurike.

Muda haumsubiri mtu

Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Kwa kawaida madai ya aina hii yanapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu kosa lilipotendeka. Kwa kuharibiwa jina, muda ni miezi 12. Anayeishtaki Serikali kwa kosa la aina hii pia ana miezi 12 tu.

Historia ya Kenya inatoa funzo. Mwaka 2009 wazee Wakenya walifungua kesi jijini London kuhusu mateso waliyotendewa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 2012 jaji aliruhusu watatu kuendelea na madai yao ingawa miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Lakini kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018, na kupita kwa muda kulikuwa sababu kubwa.

Mazungumzo mbele ya wazee au chifu ni njia nzuri, na Katiba, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi. Hata hivyo, mazungumzo hayasimamishi hesabu ya muda. Yakifanikiwa, makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Yakivutana, mdai asingoje mwaka wa tatu uishe.

Mambo ya kufanya mapema

• Ripoti polisi na utunze nambari ya OB.
• Pata matibabu, na fomu ya P3 ijazwe na daktari.
• Piga picha za majeraha na uharibifu kabla shamba halijalimwa upya.
• Mwite afisa wa kilimo akadirie hasara kwa maandishi.
• Hifadhi risiti zote za hospitali, dawa, mbegu na usafiri.
• Andika majina ya mashahidi.
• Mpelekee mkosaji barua ya madai, ubaki na nakala.

Wakazi wa Njukini wanaweza kuanzia kwenye masjala ya Mahakama ya Taveta. Waulize pia kuhusu utaratibu wa madai madogo: Sheria ya mwaka 2016 inaruhusu madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa na majeraha ya mwili, yasikilizwe na kuamuliwa ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujiwakilisha mwenyewe. Asiyeweza kulipa ada ya mahakama anaweza kuomba kuruhusiwa kufungua kesi kama mtu asiye na uwezo.

Mkulima wa mfano wetu bado ana nafasi ya kulipwa mkono wake na nyanya zake, mradi aende kabla miaka 3 haijaisha, na risiti zake ziwe mkononi.