Mafunzo kwa Walimu: Insha Yenye Ushahidi

Yafaa wanafunzi wajue kwamba insha ya mtihani ni kama shauri barazani: neno lisilo na shahidi halisimami. Huko Marekani mtihani wa GED, ulioanzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari, huwapatia cheti watu walioacha shule. Ulipotengenezwa upya mwaka 2014, mtahiniwa alipewa dakika 45 na maandiko mawili yapinganayo, aonyeshe lipi lina ushahidi wenye nguvu zaidi. Hakuulizwa yeye apenda nini. Basi tuwazoeze kusoma yote mawili, kutenga hesabu na maneno ya wajuzi mbali na makelele matupu, kisha kuamua, ndipo waandike. Aliyengoja cheti miaka mingi asikikose kwa maneno mazuri yasiyo na shahidi.