Ligi ya Watoto wa Mathare: Somo kwa Wazazi na Walezi



Katika somo letu la safari hii tutatazama jambo ambalo wengi wetu huliona la kitoto, nalo ni mpira wa miguu wa watoto. Kila jioni tunawaona wakiukimbiza vumbini, na mzazi apitaye njiani huuliza, "Mpira utawapa nini hawa?" Swali hilo si baya. Yafaa tulijibu kwa kutazama mahali ambapo watoto walipewa mpira pamoja na kazi. Mahali penyewe ni Mathare, katika jiji la Nairobi.

1. Hali ya mahali

Mathare ni bonde lililojaa vibanda vya mabati na udongo vilivyobanana, na vijia vyake ni vyembamba. Kwa miaka mingi taka za huko zilitupwa njiani na mitaroni, maana hapakuwa na wa kuzizoa. Mtaro ukiziba na mvua ikanyesha, maji machafu huingia majumbani, nayo huleta kuhara na kipindupindu. Watoto walicheza papo hapo kati ya taka. Mpira wao ulikuwa mifuko ya nailoni iliyoviringishwa na kukazwa kwa kamba.

2. Jinsi ligi ilivyoanza

Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akiishi Nairobi na kushughulika na mambo ya mazingira na maendeleo, aliwaona watoto hao wakicheza. Alikubali kuwasaidia wapate ligi yenye mipira ya kweli na waamuzi. Lakini aliweka sharti kwamba nao watoe cha kwao. Wasingeweza kutoa fedha, basi watoe jasho, wasafishe mitaa yao. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa herufi MYSA.

Sharti hilo liliingizwa katika hesabu ya ligi yenyewe. Timu iliyoshinda mchezo ilipata pointi 3. Timu iliyomaliza zamu yake ya usafi ilipata pointi 6. Tuifikirie hesabu hiyo kidogo. Timu yenye wachezaji hodari wasiotaka kushika koleo itapitwa. Timu dhaifu isiyokosa zamu yake itapanda. Na yule mtoto asiyejua kupiga chenga, ambaye kila siku huachwa pembeni, sasa anatafutwa na wenzake, maana mikono yake ina thamani sawa na ya mfungaji wa magoli.

3. Jinsi ilivyokua

Ligi ilikua upesi, mtaa baada ya mtaa. Mwaka 1990 vijana wake walisafiri kwenda Oslo, nchini Norway, katika mashindano makubwa ya watoto yachezwayo huko. Mwaka 1992 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikitunza chama hicho kwa kazi yake ya usafi. Mwaka huo huo ligi ya wasichana ilianzishwa. Jambo hili halikuwa jepesi, kwa kuwa wazazi wengi waliuliza ni nani atakayechota maji, kupika na kulea wadogo ikiwa binti yuko kiwanjani. Hata hivyo wasichana walicheza, na wazazi wengi walizoea. Katika miaka ya 2000 vijana waliosajiliwa walizidi 20,000.

Mwaka 1994 ilizaliwa timu ya wakubwa, Mathare United. Timu hiyo ilitwaa kombe la taifa mwaka 1998, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Watoto wa bonde lile walikuwa wamefika kileleni.

Lakini tusidanganywe na vikombe. Mtoto mmoja tu kati ya maelfu ndiye atakayekula kwa mpira. Wakubwa wa umri walifundisha wadogo, wakachezesha michezo, wakapanga ratiba. Kijana aliyejitolea hivyo alipata pointi zake mwenyewe, na wenye pointi nyingi walilipiwa karo, fedha zikienda moja kwa moja shuleni. Ligi ilikua kwa sababu wenye kuiendesha walikuwa watoto na vijana wenyewe.

4. Adhabu inayojenga

Hapa ndipo sisi walimu wa zamani tulipoguswa zaidi. Katika ligi hiyo iliwekwa kanuni kwamba nahodha peke yake ndiye azungumzaye na mwamuzi. Mchezaji mwenye adabu kuliko wote aliweza kuonyeshwa kadi ya kijani, ambayo ni ya sifa. Na mchezaji aliyetolewa kwa kadi nyekundu, kabla ya kurudi uwanjani, ilimpasa achezeshe michezo ya watoto wadogo akiwa mwamuzi. Aliyemtukana refa jana, leo anapuliza filimbi na kulalamikiwa yeye. Hakuna hotuba inayofundisha vizuri kuliko hiyo.

Sisi tulifanya kinyume. Mwanafunzi akikosa, tulimnyima mchezo. Tunamkumbuka kijana mmoja tuliyemwondoa katika timu ya shule kwa muhula mzima kwa sababu ya kupigana. Tuliona tumetenda haki. Muhula haukwisha, aliacha shule, na hatukumwona tena. Mpira ndio uliokuwa ukimleta darasani, nasi tuliukata uzi huo kwa mkono wetu. Laiti tungalimpa filimbi!

5. Mpaka wa somo hili

Tusije tukasema kwamba mafagio ya watoto yanatosha. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Mathare, watu wakafa na nyumba zikachukuliwa na maji. Mitaro, maji safi na makao bora ni wajibu wa watu wazima na wa wenye mamlaka. Mtoto apewe kazi inayomlingana, asibebeshwe deni letu.

Hata hivyo, jibu la yule mzazi wa njiani tunalo. Mpira peke yake huwapa watoto furaha, nayo si kitu kidogo. Mpira uliofungamanishwa na kazi, zamu na haki huwapa pia jina jema mbele ya majirani. Watoto wetu wanacheza jioni hii. Je, nani miongoni mwetu amewahi kwenda kuwauliza wanahitaji nini, na wao wako tayari kutoa nini?

Maswali ya kujadiliana nyumbani na vikundini

1. Katika mtaa wetu, ni kazi gani ambayo watoto wanaweza kuifanya na kuiona matunda yake katika juma moja?
2. Binti zetu hupata saa ngapi za kucheza kwa juma? Ndugu zao wa kiume je?
3. Tukumbuke adhabu moja tuliyompa mtoto mwaka huu. Je, ilimrudisha kundini au ilimfukuza?