Rangi kwa barafu, mfarishi bila rula

Wenzetu wa nchi za baridi hutia vitambaa rangi kwa theluji. Sisi huku Kisangani tuko karibu kabisa na ikweta, na theluji ya Kongo iko Ruwenzori, penye kilele cha mita 5,109. Barafu ya friji inatosha. Igandishe mapema, umeme ukiwapo.

Chagua pamba halisi. Muuzaji akikuapia, chomoa uzi uuchome: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu, nayo haishiki rangi ya pamba. Kifue kitambaa kwa maji ya moto, kisha kiloweke robo saa katika soda ya kufulia (sodiamu kaboneti), gramu 60 hivi kwa lita. Siyo kostiki, ile inaunguza! Kikamue, kikunje ovyo juu ya wavu ulioinuliwa ndani ya beseni, kifunike kwa barafu, halafu unyunyize unga wa rangi ya pamba, ile isiyohitaji kuchemshwa. Vaa glavu na barakoa, kwa maana unga huo hudhuru mapafu, na beseni hilo lisirudi jikoni.

Utamu uko hapa. Unga mweusi, wa kahawia au zambarau ni mchanganyiko, na kila rangi iliyomo huyeyuka na kushika uzi kwa mwendo wake. Barafu ikiyeyuka polepole, mweusi unaachana: huku buluu, kule waridi, pembeni kijani hafifu. Njano tupu haikupi mchezo huo. Weka beseni kivulini, joto la mchana lisiimalize barafu mapema. Kesho yake suuza kwa maji baridi hadi yasiwe na rangi, ndipo ufue kwa maji ya moto.

Sasa mfarishi wa viraka. Omba mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani, ila uyatumie kidogo, yasimeze rangi yako. Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kisangani, kwa jadi wanaume wa jamii ya Wambuti hutwanga magome ya miti yakawa nguo, na wanawake huyachora kwa maji ya matunda yaliyochanganywa na makaa. Mistari hukatika ghafla, nafasi huachwa tupu, na hakuna anayeona kasoro. Fuata njia hiyo: kata bila kupima, unga vipande viwili, piga pasi, kata tena ukivuka mshono, geuza, unga. Pande zisipolingana, ongeza kiraka, usifumue. Tandaza yote sakafuni, upige kwa simu picha isiyo na rangi: penye giza tupu, chomeka kipande cheupe.

Katikati weka shuka kuukuu badala ya pamba nzito, maana joto la hapa unalijua. Shona kwa mkono tabaka zote tatu pamoja (viraka, shuka na kitambaa cha chini), na mara za kwanza ufue mfarishi peke yake.